Paa la Kanisa Letu

Juzi, katika ofisi moja pale Kibondo, afisa wa maafa alikuwa akiweka picha ya Kitahana iliyopigwa kutoka angani kwenye programu ya mafuriko. Picha hiyo lazima ishikizwe kwenye alama ya wapima ardhi, na alama hiyo waliipiga kanisani.

"Kanisa ni paa lipi hapa?" akatuuliza sisi tuliokuwa foleni.

Nikawahi kunyoosha kidole. La kwetu, bila shaka. Rangi nyekundu, yaani ya watakaohamishwa, ikatua juu ya nyumba ya mama aliyesimama mbele yangu.

"Mwanangu, mnanihamisha? Mto wenyewe hata siusikii!"

"Mashine ndiyo inasema, mama," afisa akajibu.

"Alama waliipiga kwa Wakatoliki. Niliwapikia chai mimi."

Mungu anisamehe, nilisahau kama ana paa jingine. Afisa akaisogeza picha hadi paa la Wakatoliki likae kwenye alama, nyumba ikatoka kwenye wekundu, foleni ikacheka, nami nikasema "Asante Yesu" kwa sauti.

Mama hakucheka. Alikuwa bado ameinamia kioo.

"Sasa nyekundu iko kwa jirani yangu," akasema, akakaza kitenge, akatoka mbio kwenda kumwambia.

Ile asante yangu sijui niipeleke wapi.