Kinanda na Mazimwi Wawili

Kila zimwi aliyepita mdomoni mwa Kinanda alisomwa kwa sauti ya Kinanda mwenyewe. Mwanamke huyu alikuwa msomaji katika maktaba ya wasioona: yeye husoma, mtambo hunasa, na wasikilizaji hupelekewa kitabu kikiwa sauti tupu. Mfalme alimtolea sauti ya mtu aliyeshiba, mama wa kambo sauti ya puani, na binti mfalme kisauti laini cha kubuni ambacho mwenyewe alikichukia. Zimwi peke yake ndiye aliyepewa ile sauti ya kuzaliwa nayo, nene, yenye mkwaruzo kidogo. Ndiyo iliyomfanya fundi mitambo ampachike jina la Kinanda, na jina likaganda.

Chumba cha kusomea kilikuwa kidogo, kuta zake zimefunikwa kwa magodoro ya sponji, na feni huzimwa kwa sababu ya kelele, kwa hiyo aliyetoka humo alitoka amelowa. Mkubwa wa maktaba aliwahi kuwaahidi chumba kipya, lakini Kinanda alikataa kuhama. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, alisema, na mambo yakaishia hapo. Kati yake na fundi palikuwa na kioo. Akikosea neno hakuomba radhi wala kulalamika. Alipiga kofi moja, akanyamaza kidogo, akaanza sentensi upya. Lile kofi lilitokea kwenye mchoro wa sauti mtamboni kama mwiba mrefu, na fundi akajua pa kukata. Miaka ilivyokwenda mikono ikazoea, hata sokoni akitaja nyanya badala ya vitunguu alipiga kofi na kuanza upya. Muuzaji hakushtuka tena.

Msimu ule maktaba ilimpa vitabu viwili vya mazimwi, kimoja cha kale na kimoja cha siku hizi, ili wasikilizaji wavilinganishe. Zimwi wa kale aliishi kisimani, na watu walipolala alipita akiwajazia wajane mitungi yao. Siku walipomwona sura walimchoma moto. Kisima kikakauka, ndipo wakaketi ukingoni wakamlilia. Zimwi wa siku hizi alipanga chumba ghorofani na kusimulia habari zake mwenyewe, kwa kinywa chake. Majirani walimkimbia ngazini mpaka siku alipomwokoa mtoto wao kwenye moto, na ukurasa wa mwisho wanamfanyia karamu.

Kitabu cha kale alikisoma kikamteremka kama maji. Cha siku hizi kilimkwama kwenye karamu. Alisoma, akapiga kofi, akasoma, akapiga kofi.

"Dada, tuko harusini?" fundi aliuliza kutoka upande wa pili wa kioo. "Makofi yote haya ni ya nini?"

"Ukurasa huu siuamini."

"Mimi naona huyu wa leo ana nafuu. Angalau anajieleza. Yule wa kale, maskini, hakuulizwa hata jina."

"Wa kale walimlilia akiwa majivu. Huyu wanampenda kwa sababu ameokoa mtoto. Asingeokoa je? Hebu sikiliza jirani anavyosema karamuni: 'Tukamsamehe uso wake.' Uso ulimkosea nani?"

Fundi alirudisha mtambo mwanzo wa ukurasa. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini alijua kitabu hakikuwa na kosa kubwa kiasi hicho.

Kinanda mwenyewe alikuwa na uso wa pande mbili. Ujanani jiko la mafuta ya taa lilimlipukia, na tangu hapo shavu la kushoto, kuanzia jicho hadi taya, lilikuwa kovu lililojikunja na kung'aa. Watoto wa mtaani walimkodolea macho, hao aliwazoea. Watu wazima waliomwangalia viatu akizungumza nao ndio waliomkera. Miaka yote hiyo alijiambia hajali, na karibu kila siku ilikuwa kweli.

Sasa mwanawe wa pekee, aliyehamia mbali kikazi na kuoa hukohuko, alikuwa anamletea mjukuu. Mtoto wa miaka sita, wa kike, ambaye hajawahi kumwona bibi yake hata kwenye picha. Bibi ndiye aliyetaka iwe hivyo. Alishikilia simu ya vibonyezo kwa makusudi, watu wakadhani ni ubahili, na alimkataza mwanawe kabisa asimwambie mtoto habari za kovu. Kila jioni mtoto alipiga simu, akasimuliwa hadithi, akauliza maswali yake: kama zimwi hupiga mswaki, na zimwi wa kale na zimwi wa siku hizi wakikutana njiani nani atamwamkia mwenzake. Hakuna mtu duniani aliyempenda Kinanda namna ile. Aliogopa kumpoteza kwa kuonekana tu, na hofu hiyo ilimnyima hamu ya kula.

"Kesho wanafika. Nitajitanda mtandio," alimwambia fundi wakifunga chumba.

"Na ukila?"

"Nitakula jikoni."

"Dada, mficha maradhi kilio humuumbua."

"Sina maradhi. Nina kovu," alijibu, akaondoka.

Kesho yake alasiri aliketi sebuleni, mgongo dirishani ili mwanga usimpige usoni, mtandio ameuvuta mpaka puani na kuubana shavuni kwa mkono wa kushoto. Alisikia lango, akasikia mwanawe akihangaika na begi uani, kisha miguu midogo ikakimbia mpaka mlangoni ikasimama.

"Karibu, mjukuu wangu," Kinanda alisema. "Nimekungoja sana."

Mtoto hakusogea. Alimtazama, akageuka kuangalia uani, akamtazama tena.

"Wewe si bibi."

Moyo ukamwanguka Kinanda. Basi ndiyo hivyo, alijiambia, hata mtandio haukusaidia.

"Bibi yangu haongei hivyo," mtoto aliendelea kwa ukali. "Bibi yangu yuko wapi?"

Hapo ndipo Kinanda alipoisikia sauti aliyoitoa. Kwa woga wake, na kitambaa mdomoni, alikuwa amemkaribisha mjukuu wake kwa kile kisauti cha binti mfalme. Alikuwa amekosea kusoma. Na mikono, iliyozoea kazi kuliko ilivyomzoea mwenyewe, ikafanya kama ifanyavyo kila siku: ikapiga kofi moja.

Kofi halipigwi kwa mkono mmoja. Mtandio uliachiwa, ukateleza mpaka mabegani, na alipogundua, kinywa kilikuwa kimeshaanza sentensi upya.

"Karibu, mjukuu wangu," ile sauti nene ikasema. "Nimekungoja sana."

Uso wa mtoto ukafunguka, kisha ukatulia. Alikaribia polepole mpaka magotini pa bibi yake, akalitazama shavu bila haraka na bila kuangalia viatu. Kinanda alijizuia asigeuke.

"Linauma?"

"Haliumi tena. Niliungua zamani."

"Mbona hukuniambia kwenye simu?"

Angeweza kutafuta uongo, na aliyafahamu maneno mengi mazuri ya vitabuni. Yote yalimkimbia.

"Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Nilikuwa nakuogopa wewe."

Mtoto alilipima jambo hilo. Hakuna mtu aliyewahi kumwogopa maishani mwake, hata paka wa jirani. Alijitazama mikono yake, akatazama vidole vya miguu vilivyojaa vumbi la safari, na kicheko kikaanza kumtoka taratibu. Kinanda naye alicheka, machozi yakimshuka pande zote mbili za uso. Pumzi aliyokuwa ameibana tangu siku alipoambiwa mjukuu anakuja ikamtoka yote, akajihisi mwepesi, na njaa ikamshika palepale.

Mwanawe aliingia na begi begani, akamwona mama yake bila mtandio, akasimama kama aliyepigiliwa misumari. Mtoto alimkimbilia akamshika suruali.

"Baba," alisema, "bibi alikuwa ananiogopa. Nimwambie simfanyi kitu?"