Chungu Kipya cha Anyelwisye

Kyela watu hukusanya mpunga, kakao na wajukuu. Anyelwisye wa Katumba Songwe alikusanya bahasha tupu. Barua zenyewe ungeweza kuwashia moto, hakujali. Alitaka bahasha yenye stempu yake, anwani yake, na mhuri wa posta uliogongwa nusu kwenye stempu, nusu kwenye karatasi. Angekukalisha kutwa akikueleza jinsi bahasha ilivyoshuka melini, ikalala Tukuyu, ikafika na kukuta mwenyewe ameshahama. Faida yake? Hamna. Wanakwaya walimwombea.

Moja aliipenda kuliko zote. Baba yake aliituma kutoka migodini Afrika Kusini, kisha mwenyewe hakurudi. Juu yake lilikuwapo jina la mama, kwa mkono wa baba. Picha ya mtu yule haipo, wala mwandiko wake mwingine.

Lusungu, mchuuzi wa ng'ambo ya mto, upande wa Malawi, kila akipita aliomba akate stempu tu, ana mteja. Anyelwisye alimfukuza kila mara. Sikio likishakatwa, alimuuliza, linasikia nini?

Mwaka huu mto Songwe ulipoanza kunguruma, watu walipandisha magunia darini. Anyelwisye akaenda Lyulilo kununua chungu kipya cha Wakisi, wafinyanzi wa ziwani. Akapanga bahasha ndani, akaziba mdomo kwa nta ya nyuki, akakizungushia mawe pembeni ya chumba kisielee. Sasa, kila mtoto wa huku anajua chungu kipya huchemshiwa kwanza maji ya pumba, vitundu vyake vizibe. Mkewe, Tupokigwe, alimuuliza.

“Baba Kisa, umekipikia pumba?”

Akamjibu kwamba pumba huita mende, na mende hula gundi ya stempu. Tena chungu kimeumbwa kwa ajili ya maji, kiogope nini?

Mto ukaingia bila hodi, ukakaa kama wageni wa msiba. Kule darini, katikati ya kuku na vilio vya majirani, Anyelwisye peke yake ndiye aliyekoroma.

Maji yalipoondoka akabandua nta. Ilikuwa nzima, haikupitisha tone. Maji yalikuwa yamepita ubavuni mwa chungu, kwenye vile vitundu. Ndani mlikuwa na uji wa karatasi, wino umekwenda zake. Stempu tu ndizo zilizobanduka salama, zinaelea, kila moja na nusu ya mhuri wake.

Lusungu alikuja kutoa pole. Akachungulia chunguni, pole yenyewe akaisahau.

“Mzee, Mungu amekushikia mkasi.”

Tupokigwe akamtazama jicho la kumpeleka Malawi bila mtumbwi. Anyelwisye hakumtazama.

“Chukua,” akasema.

Lusungu akauliza bei. Akaambiwa achukue zote, aondoke nazo. Akasita, akidhani ni mtego, kwani tangu azaliwe hajawahi kupewa kitu bila kudanganya kwanza. Kisha akazikusanya kwenye kofia yake, akashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, akaondoka upesi.

Ule uji Anyelwisye aliutandaza kwenye mkeka, kando ya kakao. Kila jua lilipotoka aligeuza kakao, kisha akageuza lile bonge, huku akiinama kutafuta herufi. Sasa kakao imeshakauka, imeuzwa, mkeka unatakiwa.

“Hilo limekauka, Baba Kisa.”

“Bado,” anasema. “Chini bado bichi.”