Shafti Nene, Shafti Nyembamba

Mimi sipendi kudharauliwa. Naanza na hilo ili asije mtu akasema nimejisifu bila kumwonya. Miaka ile ya ujamaa, kijijini kwetu upande wa Mitole, mashine ya kusaga nilipewa mimi, mwanamke, tena mke wa mtu, kwa kuwa nilijua kusoma na nilikuwa nimepelekwa Lindi mjini kwa mafunzo ya miezi mitatu. Wanaume walikubali kwa mdomo tu.

Basi mashine ikaanza kutetemeka. Si mchezo, debe la unga lilikuwa linatembea lenyewe sakafuni. Nikasema tatizo ni shafti, ule mhimili wa chuma unaozungushwa na injini na kuvuta mkanda wa kinu. Nikaisumbua kamati mpaka ikaagiza nyingine Dar es Salaam. Ilipofika, jamani! Ncha zake zilikuwa sawasawa na za ile ya zamani, lakini kiwiliwili kilikuwa chembamba. Ya zamani ilikuwa nene kama mchi. Ilitoka kwenye shamba la mkonge enzi za mkoloni, na aliyeileta kijijini ni baba mkwe wangu, aliyekuwa fundi huko.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mbele ya mkutano wa kijiji baba mkwe aliziweka shafti zote mbili juu ya mawe, akaikanyaga ile mpya, akacheka.

"Hiki nacho ni chuma au kijiti cha kuchokolea meno? Warudishieni wenyewe. Chuma ni kile cha zamani."

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akasema kama sina la kuonyesha siku hiyohiyo, shafti ya zamani inarudi mahali pake, mashine anachukua baba mkwe, nami nirudi kwenye mikorosho. Akaninyang'anya hendeli, chuma cha kuwashia injini, akampa mzee.

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Lakini kwetu mkwe hata jicho humkazii, sembuse kumbishia mkutanoni. Nikapiga goti kwanza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba ruhusa nizigonge."

Kwetu hakuna mwanamke anayenunua chungu bila kukigonga kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia vizuri, chenye ufa kinakoroma. Nikazining'iniza shafti kwa kamba kwenye boriti ya banda la mashine. Nikaigonga mpya kwa nyundo: ngiiii! Sauti ikakaa hewani muda mrefu. Nikaigonga ya zamani: bu. Wanawake wakatazamana, walishaelewa.

"Sauti haisagi muhogo," akasema baba mkwe, na wanaume wakacheka tena.

Haya. Nikaomba mafuta ya taa. Nikaipaka ile nene, nikangoja, nikaifuta mpaka ikakauka kabisa, kisha nikainyunyizia unga mweupe wa muhogo. Hayo nilifundishwa Lindi, ila kule tulitumia chaki. Nakiri niliogopa. Kama nimekosea, nimemvunjia mzee heshima bure mbele ya kijiji kizima, na mashine nimeikosa.

Muda si muda, mafuta yaliyojificha ndani ya chuma yakaanza kutokeza kwenye unga. Ukaonekana mstari mweusi, mwembamba kama unywele, umeizunguka shafti karibu mduara mzima, pale pale mkanda unapovutia. Ingekatika wakati wowote, nami nimesimama kando yake! Ile mpya nikaifanyia vilevile mbele ya macho yao. Unga ukabaki mweupe pee.

Nikapiga vigelegele mwenyewe, sikungoja mtu. Wanawake wakadakia, banda likatikisika. Furaha ya siku ile sijaipata tena, hata siku ya harusi yangu sikuwa nayo, mume wangu anisamehe.

Baba mkwe alipitisha kidole kwenye ule mstari mara mbili. Hakucheka, wala hakukasirika.

"Unene wake umenidanganya," alisema taratibu. "Miaka yote hii niliuamini unene."

Akavua kofia, akaingia chini ya mashine pamoja nami, tukaifunga shafti mpya. Mzee alijua kazi, sitaki kumnyima haki yake. Tulipomaliza alijifuta mikono, akaiokota hendeli, akaninyooshea, huku mwenyekiti akiangalia.

"Chukua mashine yako, mwanangu."

Nikaipokea kwa mikono miwili, nimepiga goti kama mkwe anavyotakiwa.

"Mashine ni ya kijiji, baba," nikasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Ila hendeli hii, kuanzia leo, haitoki mkononi mwangu."