Manyoya ya Seng'enge

Wajukuu wangu wakikaa nusu saa bila la kufanya, hulalamika kwamba wameboeka. Wanalisema hilo neno wakinitazama mimi, kama kwamba ni mimi niliyewaibia mchana wao. Na kwa kuwa sina subira, huwapa maharagwe wachambue, na wakininunia nawaongezea. Mama yangu angewapa kitu kigumu zaidi. Mama aliogopa mikono iliyokaa bure kama watu wengine wanavyoogopa nyoka, na alikuwa na sababu yake.

Tuliishi kwenye shamba la mzungu upande wa Elburgon, chini ya msitu wa Mau. Baba alikuwa mkata magogo, mama na mimi tulichuma pareto. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu hivi Imajensi ilipotukaza. Nyumba za wafanyakazi, ambazo sisi tuliziita laini, zilizungushiwa seng'enge pande zote, na sisi Wakikuyu tukawekewa amri: pareto ikishapimwa saa nane mchana, kila mtu aingie ndani, lango lifungwe hadi kesho yake asubuhi. Saa nane, jua bado liko juu! Hakuna kwenda kwenye viazi vyako, hakuna kuokota kuni, hakuna soko, hakuna kumjulia mgonjwa hali.

Mwanzoni tulidhani ni mapumziko. Watu walilala, walisukana nywele, walicheka. Baada ya mwezi, kila mtu alikuwa amesimulia kila alichokijua na amesikia kila alichojua mwenzake. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Wanawake waligombana juu ya karai, juu ya kuku, juu ya mtoto wa nani aliyekojoa wapi. Na maneno ya kusema yalipokwisha kabisa, watu wakaanza kusema ya kubuni.

Jirani yetu mmoja, mwanamke ambaye mlango wake ulitazamana na wetu, alisema mchana mmoja kwamba aliwahi kumwona baba akiwapa unga watu wa msituni, wale waliopigana na serikali. Sijui kama alimwona. Nafikiri hata yeye hakujua. Mazungumzo yalikuwa yamepoa, naye akatupa ukuni mmoja motoni. Ulimi hauna mfupa. Neno lile lilifika kwa mahomugadi, walinzi tuliowekewa na serikali, kabla ya wiki kwisha.

Walikuja asubuhi baba akinawa uso. Walipekua nyumba, hawakupata kitu isipokuwa koti lake, ambalo homugadi mmoja alilijaribu akaona linamtosha, akaondoka nalo. Baba alipandishwa lori akiwa na shati peke yake. Ilikuwa mwezi wa saba. Mtu asiyeujua mwezi wa saba wa Elburgon hawezi kuelewa jambo hilo lilimfanya nini mama. Asubuhi za mwezi ule barafu hulala juu ya maua ya pareto, na ukichuma vidole vinakufa ganzi mpaka unavitia kinywani kuvifufua. Mama hakulia mbele yangu kwa sababu ya seli wala kwa sababu ya kipigo. Alilia kwa sababu ya shati.

"Atakufa na baridi," alisema. "Hao hawatamuua. Ni baridi itamuua."

Hatukuwa na pesa za blanketi wala ruhusa ya kwenda dukani. Lakini zamani, kabla sijazaliwa, mama aliwahi kuwa yaya kwa memsahibu mmoja, na akiwa amembeba mtoto wa watu mgongoni alimtazama yule mama akifuma sweta barazani. Alimtazama tu, hakufundishwa. Miaka yote hiyo ufundi ule ulikaa kichwani mwake bila kutumika. Sasa akautoa.

Mzungu wetu alifuga kondoo, na kondoo hupenda kujikuna kwenye seng'enge. Kila asubuhi tukienda kwenye pareto tulipita kando ya ua wao, na kwenye miiba ya waya kulikuwa na vishungi vya manyoya, hapa kidogo, pale kidogo. Mama alivichuma akitembea, bila kusimama, bila kugeuza shingo. Mimi nilivificha ndani ya kitambaa changu cha kichwa, kwa sababu langoni tulipekuliwa, na manyoya ya mzungu ni mali ya mzungu hata yakiwa yamening'inia kwenye waya. Kungekuwa na kesi ya wizi wa kondoo bila kondoo. Kwa hivyo kila siku niliingia laini nikinuka beberu, na wasichana wenzangu waliniambia hivyo bila kunificha.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chetu kilikuwa kizito kujaa. Tuliyaosha manyoya kwa maji moto, tukayachambua kwa vidole, halafu mama akanionyesha kuyasokota. Hatukuwa na chombo cha wazungu cha kusokotea. Tulisokota juu ya paja, kwa kiganja, kama wanawake wetu wanavyosokota kamba ya kiondo. Ngozi ya paja langu la kulia ilichubuka, ikapona, ikachubuka tena. Spoki mbili za baiskeli iliyokufa ya nyapara, zilizonolewa juu ya jiwe, ndizo zilizokuwa sindano. Nyapara alitupatia mwenyewe, akadhani ni za kuchokonolea jiko.

Saa nane mchana, lango likifungwa, mama alikaa mlangoni na kuanza. Sheria yake ilikuwa moja: hapaongelewi mtu hapa. Ukiwa unahesabu mishono huna nafasi ya kumhesabu jirani. Wanawake waliokuja kupiga soga walikuta wanapewa kishungi cha manyoya wachambue, na wengi walienda zao. Wengine walibaki. Baadaye walikuja na vyao: huyu ukindu, yule matambara ya kushona mfarishi, mwingine mtoto wa kufundishwa herufi kwa kijiti kwenye vumbi. Mchana ule mrefu ukapata umbo. Sitasema tulikuwa na furaha, ila siku zilipita, na sauti za ugomvi zilipungua upande wetu wa laini.

Yule jirani wa mlango wa mbele naye alikuja. Alisimama kwa muda, akiwa ameshika mkono mmoja kwa mwingine. Nilitaka mama amfukuze. Nilitaka hata amchome na ile spoki. Mama hakuinua macho. Alimsukumia kikapu cha manyoya kwa mguu, na yule mwanamke akaketi akaanza kusokota. Alikuja kila siku tangu hapo, na sikumbuki mama akimwambia neno hata moja, zuri wala baya. Uzi wake ulikuwa mwembamba kuliko wangu, na ndio uliofumiwa kifua cha sweta.

Kipimo cha baba mama alikuwa nacho mwilini mwake. Alisimama, akaweka kiganja juu ya kichwa chake mwenyewe, akasema, "Mimi nafika hapa, kwenye kwapa lake." Kuanzia hapo alikisia mabega, urefu, mikono. Sweta ile ilichukua zaidi ya mwaka. Ilikuwa nene kama kapeti, rangi ya maziwa yaliyoungua, na mvua ikinyesha ilinuka kondoo. Ilikuwa sweta mbaya kutazama. Mama aliikunja kama mtu anayemlaza mtoto, akampa mchungaji wa kanisa letu, aliyekuwa na kibali cha kupeleka vifurushi kwenye kambi za waliofungwa.

Miezi mitatu baadaye ilikuja kadi fupi, imesomwa na wakubwa kabla yetu. Nami, niliyekuwa nimejua kusoma kwa kijiti na vumbi, niliisoma kwa sauti. Amepokea. Ni mzima. Tumsalimie kila mtu. Mama alinifanya nirudie lile neno amepokea mpaka nikachoka. Halafu akaniambia twende kwenye manyoya, kwani mwaka ujao mikono ya sweta ile itakuwa imelika, na ni vizuri ya pili iwe tayari.

Ya pili ilikuwa imefika nusu ya mgongo nyapara alipokuja kumwita mama kutoka kwenye mistari ya pareto. Ofisini alisomewa karatasi. Homa ya matumbo, ilisema, na tayari baba alikuwa amezikwa, huko huko. Mama alirudi akamalizia mstari wake, kikapu kikapimwa, tukaingia laini. Mchana ule alifuma kama kawaida. Mimi ndiye niliyetupa spoki chini nikapiga kelele, nikauliza hii sasa ni ya nani.

"Nyamaza," akasema. "Hakufa na baridi."

Hilo ndilo alilolishika. Aliwaambia watu waliokuja kutupa pole, alilisema kanisani: homa, ndiyo, homa huua hata tajiri, lakini mume wangu baridi haikumgusa.

Mwaka mmoja baadaye au zaidi, kambi zilipoanza kufunguliwa, alikuja mwanamume mmoja aliyefungwa pamoja na baba. Alikuwa akirudi kwao juu ya Molo, akapitia kwetu Jumapili mchana, lango likiwa bado wazi, kwa miguu. Alikuwa mrefu, mweusi wa jua, na alikunywa chai akishika kikombe kwa mikono miwili. Mama alimwacha amalize, kisha akauliza swali lake.

"Baba, huko mlikokuwa, ni baridi sana?"

Yule mtu alimtazama. Akatazama lile pande la sweta ya pili lililokuwa juu ya kitanda.

"Ni baridi, mama," akasema. "Baridi mbaya."

"Na hiyo sweta ilimsaidia?"

"Ilimsaidia sana."

Mama alifumba macho, akamshukuru Mungu. Nilitumwa nimsindikize mgeni hadi langoni. Tulipokuwa katikati ya njia alisimama akanigeukia, na nikaona kwamba kuna jambo lililokuwa linamsumbua.

"Msichana wangu, wewe ni mkubwa. Huko hakuna baridi. Ni nyika, njia ya reli ya Pwani. Mabati yanachoma, usiku watu wanalala uchi juu ya simiti. Hicho kifurushi kilipofunguliwa tulicheka mpaka askari wakaja. Baba yako alicheka mpaka akatoa machozi."

Sisi hakuna mtu kati yetu aliyewahi kupita Nakuru. Dunia yote tuliyoijua ilikuwa ya baridi, na hatukuwa na sababu ya kudhani kwamba mahali pabaya kuliko kwetu pangekuwa na baridi pungufu. Nilisimama pale njiani, masikio yakiwaka kwa aibu.

"Ngoja," akasema. "Sisi tuliokataa kukiri kiapo cha watu wa msituni hatukupewa kazi. Tulikaa tu ndani ya waya, mwezi baada ya mwezi. Wengine walianza kuongea peke yao. Siku moja baba yako akavuta uzi wa hiyo sweta kutoka chini, akaifumua yote. Akatafuta nyaya mbili. Akaanza kuifuma tena, hajui kitu, anajaribu tu. Akimaliza, anafumua, anaanza upya. Wengine wetu tukamwomba atufundishe. Alikuwa anatuambia, huyu mwanamke wangu ametuma kazi." Akafuta uso. "Lakini usimwambie mama. Mtu akisikia jasho lake lilifumuliwa, ataumia."

Nikasema sitamwambia. Na hapa sina budi kusema ukweli, kwa maana kama si hapa sijui nitausemea wapi. Sikunyamaza kwa huruma. Nilinyamaza kwa hasira. Nilifikiria paja langu, na kuitwa beberu, na mwaka mzima wa vidole vilivyopasuka, na yeye alikaa akavuta uzi! Nilimkasirikia baba aliyekufa, nikaona hastahili kusimuliwa. Nilirudi ndani nikamwambia mama mgeni amefika salama barabarani.

Tangu siku ile mama hakufuma tena. Lile pande la pili alilitia kwenye gunia. Saa nane mchana aliketi mlangoni palepale, mikono juu ya mapaja, viganja juu, akitazama seng'enge. Nilimletea ukindu, hakuugusa. Nilimletea maharagwe, aliyachambua nusu akayasahau. Nilipomwambia kwa ukali kwamba ni yeye aliyetufundisha kutokaa bure, alinijibu kwa upole ulionitisha: "Niliyekuwa nikimfanyia kazi amepata joto. Sasa nifanye nini?" Hata seng'enge zilipoondolewa na watu wakaruhusiwa kutoka, yeye hakutoka.

Nilikuwa na neno. Kila mchana nilipita mbele yake nikiwa nalo, kwamba kule nyikani mume wake alikaa kama yeye alivyokuwa akikaa, akihesabu mishono kama yeye, akikosea na kuanza upya, na kwamba hilo ndilo lililomtunzia akili. Hasira ilipokwisha ikaja haya ya kuwa nimechelewa. Kila siku nilisema kesho.

Kifua kilimshika mama katika masika ya mwaka uliofuata. Siku moja kabla ya kufa aliniita, pumzi ikiwa fupi, akaniuliza kama nadhani baba alikuwa akiivaa ile sweta hata mchana, au baridi ya huko ilikuwa ya usiku tu.

"Hata mchana, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mikono yake ilikuwa juu ya blanketi, imetulia kabisa, na mimi nilikaa nikiitazama mpaka jua likazama, sikusema.