Siku Mbili Alizolinyima Tanuri

Saa tatu asubuhi, Jumatano. Noreen Pelkey anachovya vidole kwenye ndoo ya tope, anaziba ufa mwembamba uliojitokeza kwenye mlango wa tanuri la kuchomea vyungu, kisha anausawazisha kwa kiganja kama anayempaka mtoto mafuta. Matofali bado yana joto. Majani mekundu yanapukutika juu ya bati la kibanda, na kila anayepita anatoa mvuke mdomoni.

"Unapumua, we mjukuu wa shetani," analiambia tanuri. "Funga mdomo."

Noreen, mwenye umri wa miaka 58, ndiye mtunza tanuri wa Chuo cha Sanaa cha Tarrow Hill, huku milimani Vermont. Ni yeye tu. Alipoajiriwa mwaka 1991, mafundi wa karakana walikuwa sita. Mmoja alistaafu, nafasi yake ikaondoka naye. Wawili waliambiwa bajeti imebana, mwaka uleule ofisi ya utawala ilipowekewa sakafu mpya ya mbao. Waliobaki walichoka mmoja mmoja. Yeye hulipwa dola 21 kwa saa, miezi kumi kwa mwaka. Julai na Agosti hupaka rangi nyumba za watu.

Hata hivyo, ikifika Oktoba, tanuri lake ndilo linalowakusanya wote. Nyuma ya ukumbi wa maigizo watu wanakamua matufaha. Vichwa vya vikaragosi vya karatasi, vikubwa kama mapipa, vinaning'inia kwenye kamba pamoja na nyuzi za wafumaji zilizotiwa rangi. Wapiga tarumbeta hufanyia mazoezi kando ya kibanda, wakidai hapo sauti inatoka vizuri, ingawa kila mtu anajua wanafuata joto.

Na kila mmoja huingiza chombo kimoja tanurini: mwanafunzi, mwalimu, mpishi, mfagizi, dereva wa gari la kuzoa theluji. Udongo haumdai mtu cheti.

Sheria ni ya zamani na haijaandikwa popote: moto siku nne, kimya siku saba hadi tanuri lipoe lenyewe. Katika siku hizo saba ni mwiko kuuliza tanuri litafunguliwa lini. Anayeuliza hukabidhiwa shoka na magogo kumi ya kupasua.

Keziah Lund, mwanafunzi wa ufumaji mwaka wa pili, anapita na kikombe cha maji ya tufaha yanayofuka moshi.

"Bosi, mimi sijauliza kitu, eh? Nasema tu kwamba mama yangu anafika Ijumaa."

"Na mimi nasema tu kwamba shoka liko pale."

"Basi, nimenyamaza!"

"Unanyamaza kwa kelele sana, mwanangu."

Wanacheka. Kisha Noreen anageukia matofali yake, na kicheko kinamwisha usoni mapema kuliko kwa mwenzake.

Sheria ile ilivunjwa mara moja tu, miaka miwili iliyopita, na aliyeivunja ni yeye.

Mwaka huo moto ulizimwa Jumapili, kama kawaida. Ijumaa, siku ya tano, mkuu wa chuo wa wakati ule alishuka kibandani na koti lake refu. Wageni walikuwa wanafika kesho yake, wazazi pamoja na matajiri wanaopenda kuona majina yao yamebandikwa ukutani. Akauliza lini. Akauliza tena.

Walikuwepo watu wapatao ishirini. Hakuna aliyemnyooshea shoka.

"Nami sikumnyooshea," anasema Noreen. "Kipima joto kilikuwa kinasoma nyuzi mia mbili na themanini. Nilijua. Mtoto wa shule ya awali angejua. Lakini mtu akikushika bega, akakuita nguzo ya chuo, na wewe hujaitwa hivyo miaka thelathini... Nikatoa tofali la kwanza la mlango."

Upepo wa mlimani ukaingia. Baada ya muda mfupi vyombo vikaanza kulia, ting, ting, kama vijiko vinavyodondoka kimoja kimoja kwenye nyumba ya mbali. Kila mlio ulikuwa ufa. Kati ya vyombo 340, vilipasuka 212.

Kimoja kilikuwa mtungi wa Lucien Gagnier.

Lucien, ambaye sasa ana miaka 79, alipika katika jiko la chuo hiki kwa miaka 31. Alikuwa wa mwisho kukaa kwenye kiti cha wapishi katika baraza la chuo, kabla kiti hicho hakijafutwa mwaka 1996, bila kura, wakati wa likizo, watu wakiwa makwao. Wanaokumbuka bado tupo. Baada ya kustaafu aliendelea kuleta kuni za tanuri kutoka shamba lake, msonobari aliokata, akapasua na kuupanga mwenyewe.

Mtungi ule aliufinyanga na mkewe, Yvette, ambaye tayari alikuwa mgonjwa. Yvette hakuweza kusimama, basi Lucien alimsogezea gurudumu la kufinyangia hadi kwenye kiti, naye akauzungushia mdomo wa mtungi alama za vidole gumba vyake. Ulitoka tanurini umepasuka kutoka mdomo hadi kitako.

Lucien aliuliza imekuwaje. Noreen akamjibu kwamba kuni zilikuwa mbichi.

"Lilinitoka tu," anasema, na tope linamkaukia vidoleni. "Nilimwona mkuu amesimama nyuma yake. Nikatafuta kitu kisicho na mdomo wa kujitetea. Kuni. Nimekuja kukumbuka ni kuni za nani wakati neno limeshatoka."

Ofisi ililidaka neno hilo kwa mikono miwili. Barua ya kuomba radhi ilisema "kuni zilizotolewa hazikuwa na ubora unaotakiwa". Mkuu yule alihama mwaka uliofuata, akaenda kwenye cheo kikubwa zaidi, na hotuba yake ya kuaga ilikuwa ndefu na yote ilihusu umoja. Yvette alifariki Februari. Lucien hakuleta tena hata gogo moja. Akiulizwa, hujibu, "Kuni zangu zina nuksi," na kubadili mazungumzo. Chuo sasa hununua kuni kwa lori.

Huenda mambo yangebaki hivyo, lakini Alhamisi mchana Audra Stoll, katibu wa mkuu mpya wa chuo, alishuka kibandani akiwa na viatu vya ofisini.

"Noreen, dada yangu, nimetumwa tu, tunalifungua lini?"

Kibanda kizima kikashangilia. Keziah alishaleta shoka kabla swali halijafika mwisho. Audra, tumpe sifa yake, alivua koti akapasua. Gogo la kwanza lilimkimbia.

"Liite kwa jina, mama!" mpiga tarumbeta mmoja akamtania.

"Ningeliita, ungeitika wewe!"

Alipofika la nne akaegemea mpini, akihema. "Sawa, nimelipa. Lakini sikilizeni. Mkuu anaomba Ijumaa. Safari ile si kuni zilikuwa mbichi? Mwaka huu tumenunua kuni kavu, risiti ninayo. Kuna hatari gani?"

Uongo aliousema Noreen kujiokoa siku moja ulikuwa umerudi ukiwa sababu, na kwa sababu hiyo alitakiwa aharibu tena vyombo vya watu.

"Hazikuwa mbichi," akasema.

"Nini?"

"Kuni za Lucien zilikuwa kavu kama mifupa. Ni mimi niliyefungua siku ya tano. Kamwambie mkuu wako hivyo. Tanuri litafunguliwa Jumapili alasiri. Wageni wakiondoka kabla ya hapo, wameondoka. Nikifukuzwa, tope liko kwenye ndoo, na aje apake mwenyewe."

Audra alishusha shoka taratibu, akachukua koti lake na kupanda kilima. Magogo sita yaliyobaki hakuna aliyemdai.

Noreen alivua aproni papo hapo. Maneno katika chuo kidogo hayangoji mtu afunge kamba za viatu, na hakutaka Lucien asikie kwa mwingine, wala asome gazetini. Ni maili nne hadi shambani kwake. Alimkuta akikusanya majani kwa reki.

"Mzee Lucien, kuni zako zilikuwa kavu."

"Kuni zipi?"

"Za mwaka ule wa mtungi. Mimi nilifungua mapema. Nilikudanganya."

Lucien aliendelea kuvuta reki, mara tatu, mara nne. Kisha akasema, bila kumtazama: "Nilimwambia Yvette kwamba kosa ni langu. Kwamba nilikuwa na haraka, sikuziacha zikauke. Akanisamehe, Noreen. Mke wangu amekufa akiwa amenisamehe kosa lako."

"Ningepewa kuchagua," anasema Noreen, "ningechagua anipige na ile reki."

Alisimama pale hadi mzee alipomaliza rundo moja na kuanza jingine. Ndipo Lucien akamwambia, "Nenda. Tanuri halijilindi."

Gazeti hili lilipompigia Lucien simu kumuuliza kama habari hii iandikwe, alikubali. "Andikeni," akasema. "Kuni zangu zilitukanwa hadharani. Na zisafishwe hadharani." Alipoulizwa kama amemsamehe Noreen, alisema ana viazi jikoni, akakata simu.

Mpaka tunakwenda mitamboni, ofisi ya mkuu haikuwa imejibu lolote, si kuhusu siku ya kufungua, si kuhusu ile barua ya miaka miwili iliyopita. Kurekebisha barua hakuhitaji bajeti. Kunahitaji mtu mmoja mwenye haya.

Noreen haombi mengi. Hana matumaini kwamba Lucien atatokea Jumapili, na amewakataza wanafunzi kwenda kumbembeleza. "Asije kwa ajili ya kunifurahisha mimi," anasema. "Ameshanibebea vya kutosha."

Anachopanga kiko mbali zaidi. Kuni za tanuri hukatwa Aprili, theluji inapoyeyuka, ili zipate muda wa kukauka. Aprili hiyo atakwenda tena shambani, si kuomba msamaha bali kuomba kazi: yeye akate na abebe, Lucien akae kwenye kiti amwonyeshe mti upi na upi. Na kwenye kila fungu litakaloingia chuoni ataandika kwa rangi nyeupe jina Gagnier, herufi kubwa, zisomeke hadi kwenye dirisha la mkuu.

Je, mzee akimfungia mlango?

"Akinifungia Aprili, nitabisha Mei," anasema Noreen. "Akinifungia Mei, nitabisha Juni. Kuni za Juni nazo hukauka. Ila polepole."