Usipa wa Mama na Dawa ya Sikio

Mwanangu alibadilika rangi mikononi mwangu. Alikuwa mtoto mnene, mtundu, mwenye kelele za kuchosha majirani. Ghafla akalegea kama kitenge kilichotoka majini, midomo myeupe, macho yakinitazama bila kuniona.

Sikio lake lilikuwa likitoa usaha. Kwenye zahanati walimpa dawa ya maji, ile ya unga ambayo unatia maji ya kuchemsha kisha unatikisa chupa. Siku hiyohiyo mama yangu mzazi akapanda kutoka Kihagara, kule ziwani nilikozaliwa, akafika hapa Mpepai kwa wakwe zangu na ndoo ya usipa, dagaa wa kwetu, wakavu wa kunukia. Mama mkwe alimpokea vizuri. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, wakacheka wote.

Mama akatwanga usipa, akawakoroga kwenye uji wa mjukuu wake. Mtoto hapewi dawa tumbo likiwa tupu, kwa hiyo kijiko cha dawa kilifuata bakuli. Mchana, nikiwa nageuza kahawa kwenye kichanja, nikasikia anatapika. Alitapika uji, akatapika maji, akatapika nyongo, kisha akaharisha na kulegea vile nilivyosema. Niliamini anakufa. Jioni akashika ziwa, akanyonya, rangi ikarudi kidogokidogo.

Mama mkwe hakuhitaji kufikiri.

"Ni hizo samaki zenu," alisema. "Tumbo la mtoto wa huku halizijui."

Ndoo ikamwagwa kwa kuku. Kuku walikula wakashiba, wakatamba uani kama wenye shamba, na hakuna aliyejiuliza mbona wao hawaugui. Mama hakubisha. Ukiwa kwa wakwe wa binti yako unameza maneno, hata yenye miiba. Alihamia kwenye benchi la nje, mbali na jiko. Mtoto alipopata nafuu na kumkimbilia mikono juu, mama aliificha ya kwake ndani ya kanga.

"Nenda kwa bibi yako wa ndani," alimwambia taratibu. "Mikono yangu ina samaki."

Nikambeba mtoto, nikarudi naye jikoni.

Kwa kuogopa tumbo lake tulisimamisha dawa, na mtoto akachangamka, akaanza tena kuvunja vikombe. "Umeona?" mama mkwe akaniambia. "Samaki zimetoka." Sasa ikabaki dozi. Dozi lazima imalizwe; tumeambiwa kliniki, tumeambiwa redioni, na sisi ni watu wa kutii. Nikapika uji mtupu wa mahindi na sukari, akanywa. Alipoona kijiko cha dawa akafunga mdomo, akalia. Nikasita.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," mama mkwe akasema, akamshika taya. Mimi nikamimina.

Nilikuwa bado sijamaliza kufua nilipomsikia tena. Kutapika kulekule, weupe uleule, safari hii shingo haikusimama kabisa. Nilimwita kwa jina lake, hakugeuka. Mama mkwe alikimbilia bakuli, akalichungulia, akalipitisha kidole ndani. Hapakuwa na samaki humo, hata mwiba mmoja. Tukatazamana. Kisha wote wawili tukaitazama chupa ya dawa dirishani.

Bodaboda ilitufikisha Mbinga mjini. Walimtundikia dripu, na daktari akauliza alichokula na alichokunywa. Nikamwonyesha chupa. Akaniambia kuna watoto ambao mzio wa dawa hauonekani kwenye ngozi. Hawatoki vipele, hawavimbi uso; dawa inanyweka, saa zinapita, ndipo tumbo linaasi, na mtoto anapoteza maji hadi anazimia.

"Dawa hii inawaponya wengine," alisema. "Huyu asipewe tena. Kila mnakompeleka, semeni kabla hamjaulizwa."

Nilikuwa nimejiandaa kusikia chochote, lakini si kwamba kilichokuwa kinamwua mwanangu ni tiba yenyewe, na kwamba tulikuwa tunamshika taya ili aimeze.

Tuliporudi tulimkuta mama kwenye benchi lake, mfuko umefungwa, anangoja usafiri wa kurudi ziwani. Hakuuliza kama mtoto amepona, maana alimwona mgongoni kwangu akichezea nywele zangu. Aliuliza, "Wamesema ni mimi?"

"Hapana, mama. Ni dawa."

Mama mkwe alinifungua mbeleko mwenyewe, akamchukua mtoto, akamwendea. "Mkwe wangu, nisamehe," alisema. "Mpokee mjukuu wako."

Mama alinyanyuka, lakini hakumpokea. Alikwenda kwenye ndoo ya maji, akanawa mikono kwa sabuni, akainusa, akanawa tena. Ndipo akainyoosha.