Kitabu Kilichorudi na Kimanga

Hapa Voi kuna karani wa reli ambaye hakuna agusaye vitabu vyake kabla ya kunawa mikono. Vyote amevivika karatasi ya kaki, na kuazima kimoja ni kazi kuliko kuposa binti yake.

Juzi nilikuwa dirishani pake nikikata tikiti ya Taveta, akaja jirani yake, mama wa kutoka Wusi, kule milimani Taita, kurudisha kitabu. Alikitoa kikapuni, juu ya kimanga cha moto, ule mseto wa mihogo na maharagwe, kilichofungwa kwa jani la mgomba. Kaki yote ilikuwa imelowa mafuta.

Karani alikishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa.

"Mama, umenifanyia nini?"

"Bwana karani, kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu."

"Kitabu ni chombo?"

"Si nimekula humo wiki nzima?"

Karani akanyakua kikapu, akatufungia dirisha kwa kishindo. Alipolifungua tena, masharubu yake yalikuwa na maharagwe, na mkononi ana kitabu kinene kuliko vyote.

"Mama, chukua na hiki."

Hakumwuliza kama amenawa.

Nami nina vitabu vichache nyumbani. Anayetaka kuazima aseme kwanza anapika nini.